Kumficha Si Kumsitiri

Kila usiku, katika hoteli za hadhi ya kati za Bangkok na Pattaya nchini Thailand, jambo lilelile hutokea mapokezi. Mgeni kutoka nje anaingia akiwa na mwenzake ambaye ni mwenyeji. Mlinzi anamwelekeza yule mwenyeji kaunta, na mhudumu anamwomba kitambulisho. Mgeni mwenyewe haombwi kitu, maana pasipoti yake ilishanakiliwa siku aliyofika. Kitambulisho cha mwenzake kinasomwa, namba inaandikwa, na mara nyingi kadi yenyewe inabaki kaunta mpaka atakapoondoka. Kama ni mwanamke aliyezaliwa mwanamke, shughuli inaishia hapo. Kama ni mwanamke transjenda, yaani aliyeandikishwa mwanaume alipozaliwa lakini anaishi kama mwanamke, kadi inamtaja kwa neno Nai, yaani Bwana, ilhali aliyesimama mbele ya kaunta amevaa gauni na nywele zimemfika mgongoni. Mhudumu anaitazama kadi, anamtazama mwenye kadi, kisha anamtazama mgeni.

Ushauri unaotolewa kwa wasafiri kuhusu hali hii karibu wote huishia kwenye usiri. Ingia upesi, usikae ukumbini, tafuta hoteli isiyouliza maswali, mwambie mwenzako atangulie au afuate nyuma. Kwamba usiri unahitajika sina ubishi. Ubishi wangu ni kuhusu mtu anayelindwa nao. Mgeni anaogopa kutazamwa vibaya na watu asiowajua, ambao akishapanda ndege hatawaona tena. Mwenzake anaishi mji huohuo. Mlinzi yule huenda wanapanda basi moja, na mhudumu wa kaunta anaweza kuwa na ndugu jirani na kwao. Kadi iliyobaki kwenye droo ina jina lake kamili, anwani ya nyumbani na picha yake. Ukipima nani ana zaidi cha kupoteza, mizani inalala upande mmoja, lakini ushauri wote unaandikwa kwa ajili ya upande wa pili.

Wageni wengi hushangaa kusikia kwamba Thailand kuna tatizo la namna hii. Nchi hiyo imejijengea jina la uvumilivu. Onyesho la Tiffany's la Pattaya, ambalo wanawake transjenda huimba na kucheza jukwaani, limekuwa likijaza watalii tangu 1974, na tangu 2004 mji huo umekuwa nyumbani kwa shindano la urembo la Miss International Queen, la wanawake transjenda kutoka duniani kote. Picha zao zimo kwenye vipeperushi vya utalii. Tangu Januari 2025 watu wa jinsia moja wanaruhusiwa kufunga ndoa, nchi ya kwanza kusini-mashariki mwa Asia kufika hapo. Anayeyaona haya kwa mbali anaweza kudhani kwamba kila mlango uko wazi.

Kadi ya kitambulisho inasimulia habari nyingine. Mwanamke transjenda wa Thailand anaweza kufanyiwa upasuaji, akaishi kama mwanamke miaka 30, na sasa akaolewa kisheria, lakini mbele ya jina lake serikali itaendelea kuandika Nai. Februari 2024 Bunge liliukataa muswada ambao ungemruhusu kubadili neno hilo. Kwa hiyo mtu anayeshangiliwa jukwaani saa tatu usiku, saa sita anasimama mbele ya kaunta ya hoteli akithibitishiwa kwa maandishi kwamba yeye ni Bwana fulani. Jukwaa lina taa na lina malipo. Kaunta ina mlinzi.

Na karatasi kwake haikuanza kuwa mzigo hotelini. Watu walioandikishwa kuwa wanaume hutakiwa kufika kwenye usaili wa jeshi wakiwa na umri wa miaka 21, na wanawake transjenda nao hufika, wakapimwa mbele ya vijana wenzao. Kwa miaka mingi, cheti cha kuwaachilia wasiende jeshini kiliandikwa kwamba wana ugonjwa wa akili wa kudumu, na cheti hicho ndicho walichotakiwa kukionyesha kila walipoomba kazi. Mpaka mwaka 2011 ndipo mahakama ya utawala ilipoamuru maneno hayo yaondolewe. Mtu aliyepitia hayo akiambiwa, "Naomba kitambulisho," hasikii maneno yaleyale unayoyasikia wewe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo huenda likawaudhi wanaotetea haki hizi kwa moyo wote. Hoteli ina haki ya kuomba kitambulisho, na nadhani inafanya vyema kukiomba. Sheria ya hoteli ya Thailand ya mwaka 2004 inaitaka iandikishe wanaolala pale. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1979 inaitaka itoe taarifa ya kila mgeni wa kigeni ndani ya saa 24. Kuna suala la umri pia: sheria ya mwaka 1996 ya kuzuia ukahaba ina adhabu kali kwa anayemlipa mtu wa chini ya miaka 18, na hoteli haitaki kugundua asubuhi kwamba chumba namba fulani kilikuwa na mtoto. Halafu kuna wizi, ambao hutokea, na ambao wahusika wake hutafutwa haraka zaidi kadi ikiwa ilisomwa. Kitambulisho kinamlinda hata huyo mwenzake. Mgeni akimpiga, akimnyima ujira wake au akimfungia chumbani, kuna rekodi kwamba aliingia na bado hajatoka.

Kwa hiyo anayetafuta hoteli isiyoomba kitambulisho anatafuta mahali ambapo yeye atakuwa salama na mwenzake hatakuwa salama. Hoteli ya namna hiyo si ya kusifiwa. Mimi ningeikimbia.

Kinachobaki ni namna kadi inavyoombwa na inavyosomwa. Kadi inaweza kupokelewa kwa mikono miwili, ikasomwa kimya, namba ikaandikwa, ikarudishwa palepale. Inaweza pia kuinuliwa juu kama noti inayoshukiwa kuwa bandia, ikapitishwa kwa mhudumu wa pili ili naye acheke, na jina la kiume likasomwa kwa sauti mbele ya familia inayosubiri funguo. Sheria imetimizwa pande zote mbili, na hakuna mkaguzi atakayeona tofauti. Mfanyakazi mwenye busara huko Thailand hata hana haja ya kuchagua kati ya Bwana na Bibi, kwa kuwa heshima ya kawaida ya Kithai ni kumwita mtu Khun na jina lake la kwanza, awe mke au mume. Njia ya adabu imeshatandikwa na lugha yao wenyewe. Anayeiacha akasoma "Bwana" kwa sauti amekusudia.

Tangu 2015 nchi hiyo ina sheria ya usawa wa kijinsia inayokataza kumbagua mtu kwa sababu mwonekano wake haulingani na jinsia aliyozaliwa nayo. Kabla ya hapo, hapakuwa na sheria mahususi ya namna hiyo ya kuizuia hoteli. Mwaka 2007 hoteli moja ya Novotel mjini Bangkok ilimzuia mwanamke transjenda asiingie kwenye ukumbi wake wa dansi. Mwanamke huyo hakuondoka kimyakimya. Alilifikisha jambo kwa watetezi wa haki na kwa magazeti, na hoteli ikaomba radhi. Ninalikumbuka tukio hilo kwa sababu ya jambo dogo: aliyezuiwa alikuwa mteja wa kujitegemea, mwenye kazi yake. Mlangoni alihesabiwa kuwa mtu wa kuleta fujo kabla hajafungua kinywa. Na hiyo ndiyo dhana inayomngoja kila mwanamke transjenda anapoingia hotelini na mgeni: hafikiriwi kuwa mchumba, mke, dada wa kazini au rafiki wa miaka kumi. Mlinzi ameshaamua.

Mgeni naye huamua, kwa njia yake. Kuna wanaume wanaotembea hatua kumi mbele ya mwenzao tangu kwenye teksi, wakifika kaunta wanajifanya wanasoma ujumbe kwenye simu huku yeye akihojiwa peke yake. Wengine hugeuza jambo kuwa utani, wakamkonyeza mhudumu, wakasema maneno ya kuonyesha kwamba wanajua na kwamba wao ni watu wa kawaida tu waliokuja kustarehe. Utani huo ni mbaya kuliko ukimya, kwa sababu unamfanya mhudumu kuwa mshirika na mwenzako kuwa kichekesho. Wapo pia wanaomsukumia mlinzi noti mkononi ili asiandike kitu. Wanadhani wamenunua faragha. Walichonunua ni habari ambayo mlinzi atawauzia tena kesho, na safari hii bei ataitaja yeye. Tena wamemweka mwenzao katika hali ambayo, likitokea la kutokea, yeye ndiye aliyeingia bila kuandikishwa.

Nimewahi kuulizwa basi mtu afanye nini, na jibu langu huwa la kuchosha: andikisha watu wawili. Weka nafasi ya watu wawili tangu mwanzo. Toa jina lake kama lilivyo kwenye kadi yake kwa njia ya maandishi kabla hamjafika, na umweleze mhudumu jina analoitwa. Lakini hili la mwisho huwezi kulifanya bila kumwuliza mwenyewe. Kuna mwanamke ambaye angependa hoteli ijue mapema ili kusiwe na mshangao kaunta. Kuna mwingine ambaye hakuna mtu anayemtambua barabarani, na wewe ukituma barua pepe ya kueleza "hali yake" umemvua nguo mbele ya ofisi nzima. Wema wako umegeuka uvumi. Yeye ndiye anayejua hoteli zipi za mji wake zina wahudumu wa aina gani, na kwa kawaida anazijua kuliko mtandao wowote wa kuweka nafasi. Mwache achague. Inashangaza jinsi wageni wanavyohangaika kutafuta ushauri kwa wageni wenzao ilhali mtaalamu wanaye mezani, anakunywa kahawa.

Ada ya mgeni wa ziada nayo inahitaji maneno mawili. Hoteli nyingi hutoza fedha kwa mtu anayelala chumbani bila kuandikishwa tangu mwanzo. Ukiona ada hiyo ipo kwa kila mgeni wa ziada, ilipe na usilalamike mbele yake, kwa maana kubishania bei ya mtu huku mtu mwenyewe amesimama pembeni ni jambo ambalo hata sokoni halifanywi. Ukiona ada inatozwa kwa mwanamke transjenda peke yake, au ni kubwa kwake kuliko kwa mwingine, hapo una haki ya kuuliza ilikoandikwa. Uliza kwa upole, uliza ukiwa peke yako, na uulize asubuhi meneja akiwepo. Ugomvi wa saa saba usiku humalizwa na polisi, na polisi wakija hawataanza na pasipoti yako. Huko Pattaya wamekuwa wakifanya misako ya mara kwa mara kwenye barabara ya ufukweni na kuwatoza faini wanawake transjenda wanaokutwa wamesimama pale. Nani atatiliwa shaka kwanza mapokezi, kila mtu anajua.

Yote haya ni Thailand, mahali ambapo hali ni afadhali. Ukivuka mpaka kuingia Malaysia, hesabu inabadilika kabisa. Sheria za kidini za majimbo zinamwadhibu anayehesabiwa mwanaume akivaa kike, na maofisa wa idara za dini wana mamlaka ya kumkamata Mwislamu, hata kwa kugonga mlango wa chumba cha hoteli usiku. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ilisema sheria ya namna hiyo ya jimbo la Negeri Sembilan inakiuka katiba, lakini Oktoba 2015 mahakama ya juu zaidi ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu za utaratibu. Sasa fikiria mlango unagongwa. Mgeni asiye Mwislamu hayuko chini ya sheria hizo. Ataulizwa maswali, pengine ataachwa alale. Mwenzake, ambaye ni Mwislamu kwa kuzaliwa, ataondoka na maofisa. Wawili wameingia chumba kimoja kwa hiari moja, hatari wakagawana isivyo sawa. Katika mazingira hayo, kumwalika mwenyeji chumbani kwako kunahitaji zaidi ya adabu. Pengine heshima ni kutomwalika, mkaonane mahali ambapo yeye ndiye anapajua na ndiye anayeamua muda wa kuondoka.

Kwenye Falme za Kiarabu hata kumleta mwenzako kutoka kwenu ni hatari. Agosti 2017 raia wawili wa Singapore, mmoja wao mwanamke transjenda, walikamatwa kwenye duka kubwa la Abu Dhabi kwa mavazi na mwonekano wao tu, wakahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, kabla ya adhabu hiyo kupunguzwa na wao kurudishwa makwao. Hawakuwa wamefanya jambo lolote chumbani. Walikuwa wakila. Mwaka mmoja kabla, Mkanada maarufu wa mtandaoni, Gigi Gorgeous, naye mwanamke transjenda, alizuiliwa uwanja wa ndege wa Dubai, ingawa pasipoti yake ilisema ni mwanamke. Anayempangia mpenzi wake likizo ya kushtukiza katika nchi ya namna hii, akalipia hoteli ya nyota tano kwanza na kuuliza baadaye, anafanya mzaha na uhuru wa mtu mwingine. Zawadi za kushtukiza ziwe za mahali ambapo mpokeaji hawezi kufungwa.

Wanaosafiri pamoja kutoka nje, wote wakiwa na pasipoti, wana mambo yao. Viwango vya kimataifa vya hati za kusafiria vinaruhusu alama tatu mahali pa jinsia: F ya mwanamke, M ya mwanaume na X isiyotaja mojawapo. Argentina tangu 2012 inamruhusu mtu kubadili alama hiyo kwa tamko lake bila daktari wala hakimu. Marekani ilitoa pasipoti ya kwanza yenye X mwaka 2021, na Januari 2025 serikali mpya ikaamuru zisitolewe tena, kwa hiyo kuna watu wenye kadi ya nyumbani inayosema hivi na pasipoti inayosema vile. Mashirika ya ndege na hoteli hutaka majina yalingane. Mtu aliyeweka nafasi kwa jina lake la kila siku, halafu akatoa pasipoti yenye jina la kuzaliwa, anajikuta akieleza historia ya maisha yake kwa kijana aliyechoka wa zamu ya usiku. Hapo ndipo mwenzi anaweza kusaidia kwa kazi ndogo isiyo na sifa, nayo ni kukagua majina yote wiki moja kabla, mwenye majina akiwa amekubali.

Haya maswali ya kaunta kwa kweli hayafanani duniani. Uingereza kanuni ya mwaka 1972 inaitaka hoteli iandike jina na uraia wa kila mgeni mwenye miaka 16 na zaidi, na namba ya pasipoti kwa wageni wengi wa nje, jinsia haimo. Italia hoteli hupeleka taarifa za kila mgeni polisi ndani ya saa 24, na jinsia imo. Nchini Marekani, jiji la Los Angeles lilikuwa na amri ya kuwaruhusu polisi kulipekua daftari la wageni wakati wowote bila kibali, mpaka Mahakama ya Juu ya nchi ilipoibatilisha mwaka 2015. Nataja haya kwa sababu wahudumu hupenda kusema "ni sheria" wanapoulizwa kwa nini wanataka kujua jinsia ya mtu. Mara nyingine ni sheria kweli. Mara nyingine ni kisanduku kwenye programu ya kompyuta ambacho mtu wa mauzo alikiweka ili hoteli ijue ipeleke kadi ya salamu ya rangi gani.

Asubuhi ndiyo mtihani ninaouamini zaidi. Usiku kila mtu ana ujasiri, na lifti ina watu wachache. Saa mbili asubuhi chumba cha chakula kimejaa, jua ni kali, na watoto huuliza maswali kwa sauti. Kuna wageni ambao saa hiyo huagiza kifungua kinywa cha mtu mmoja, au humpa mwenzao nauli wakamwambia apitie ngazi za nyuma. Wengine hushuka naye, kisha wakakaa meza tofauti "ili asijisikie vibaya". Sijawahi kusikia mtu aliyeachwa peke yake kwenye meza akasema alijisikia vizuri. Kama mlilipia watu wawili, ketini wawili. Akisema hataki kushuka kwa kuwa hapendi macho ya watu, hilo ni lake, na chakula kinaweza kuletwa chumbani. Tofauti ipo kwenye nani amesema.

Simu zina sehemu yake katika hili. Picha ya pamoja ukumbini, yenye nembo ya hoteli nyuma, ikirushwa kwa marafiki na maneno ya kuchekesha, inamfika mtu ambaye hamkumpanga. Thailand ina sheria ya kulinda taarifa binafsi iliyoanza kutumika kikamilifu Juni 2022, na hoteli zimejifunza kuiogopa: nakala za vitambulisho hazitupwi ovyo kama zamani. Mgeni hana sheria inayomtisha. Anakwenda kwao na picha, na hadithi, na kila anaposimulia anaongeza chumvi. Nimesikia hadithi hizo mezani, na mara zote msimuliaji ndiye shujaa au ndiye aliyedanganywa. Hii ya kudanganywa inaudhi hasa, kwa kuwa mara nyingi alijua tangu baa, na anachotafuta ni ruhusa ya wenzake.

Nimezungumza kana kwamba wote ni wapenzi au marafiki. Sivyo, na haifai kujifanya hatujui. Wengi wa wanaoingia mapokezi saa hizo wamekubaliana malipo, katika nchi ambayo ukahaba umekatazwa kisheria na unafanyika kila mtaa wa burudani. Watu wenye msimamo mkali watasema hapo heshima imeshaondoka, hakuna haja ya kuijadili. Sikubaliani nao. Aliyelipwa kwa muda wake hakuuza jina lake, wala hakumruhusu mtu amtajie mhudumu mambo ya mwili wake. Na yeye ndiye mwenye ulinzi mdogo kuliko wote katika jengo lile. Akidhulumiwa hawezi kwenda polisi bila kujishtaki. Kwake, kuitwa kwa jina analotaka, kulipwa kilichokubaliwa bila kukumbushia mapokezi, na kusindikizwa mpaka kaunta achukue kadi yake badala ya kuachwa ashuke peke yake akajieleze kwa mlinzi, ni mambo yanayoonekana madogo kwa asiyewahi kuyakosa. Hoteli nyingi hupiga simu chumbani kabla ya kumruhusu aondoke, kuhakikisha kwamba mgeni yu salama na vitu vyake vipo. Jibu simu hiyo mara moja. Kila dakika unayochelewa kwa usingizi, yeye amesimama ukumbini akihesabiwa kuwa mwizi.

Hoteli zenyewe zikitaka, zinaweza kumaliza nusu ya tatizo kwa mafunzo ya saa moja ya wahudumu wa usiku. Japani mwongozo wa serikali wa mwaka 2018 uliwaambia wenye nyumba za wageni wasiwakatalie watu kwa sababu ya utambulisho wao wa kijinsia. Mwongozo si sheria yenye meno, lakini meneja anapokuwa na karatasi ya kumwonyesha mfanyakazi wake, mabishano hupungua. Bangkok kuna hoteli zinazofanya hivyo bila kuamriwa na mtu, nazo si zile za bei ya juu kila mara.

Kuzitambua ni rahisi kiasi. Mwenzako akikubali, andika siku chache kabla, uulize mambo mawili tu: mgeni wa pili ataandikishwa vipi, na kitambulisho chake kitarudishwa papo hapo au kitakaa kaunta. Usieleze zaidi ya hapo. Hoteli yenye utaratibu itajibu kwa mistari mitatu. Yenye mashaka itauliza mgeni huyo ni nani, ana umri gani, na mmejuana wapi. Kuhusu umri, wape jibu, ni haki yao. Kuhusu hayo mengine, tafuta hoteli nyingine. Bangkok haina uhaba wa vitanda.